Aliyenifuata kwenye Barafu

Hili ninalokueleza halikumpata rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, na niliyekuwa naye yuko hai. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, na ukifika Shinyalu siku ya soko unaweza kumkuta akichagua mboga, umwulize mwenyewe. Ila usimwulize nikiwa karibu. Utajua sababu nikifika huko.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule. Mmbone ni mwalimu wa shule ya msingi na jirani yangu. Shamba lake la chai linaishia pale mahindi yangu yanapoanzia. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya baiskeli. Kaka yake alikuwa akifanya kazi ng'ambo, akarudi nyumbani na baiskeli mbili za mlimani, zile zenye tairi nene za meno na gia nyingi, kisha akaondoka tena akaziacha ghalani. Mwaka huo daktari akamwambia Mmbone kwamba presha yake imepanda, afanye mazoezi. Akaona haya kuendesha peke yake. Akaja kwangu jioni moja, akasimama mlangoni na helmeti mbili mkononi.

"Mama Faida," akasema, "tukichekwa, afadhali tuchekwe wawili."

Tulichekwa kweli. Wanawake wazima, tumevaa suruali, tunaingia msituni kwa baiskeli bila hata kuni za kubeba. Lakini watu huchoka kucheka. Baada ya muda watoto wakawa wanatupungia mkono tu, na akina mama wanaookota kuni wakatupa jina: mama wa baiskeli. Niamini, sijawahi kuwa na rafiki kama yule. Tulikuwa tunaongea kutoka nyumbani mpaka ndani ya msitu na kurudi, na hata siku moja mazungumzo hayakuisha.

Sasa, kama hujakaa Kakamega, labda utashangaa nikikwambia tuliendesha baiskeli kwenye barafu. Huku kwetu mvua ya mawe si habari. Asubuhi jua kali, mchana wa saa kumi hivi mbingu inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, halafu mabati yanapiga kelele mpaka humsikii mtu aliyekaa kando yako. Ikiisha, unafungua mlango unakuta uwanja mweupe. Shambani barafu inayeyuka upesi. Ndani ya msitu, ambako jua haliingii vizuri, njia hubaki nyeupe mpaka giza linapoingia, na majani yaliyopasuliwa yametapakaa juu yake.

Mmbone alikuwa na video kwenye simu yake za watu wa nchi za baridi wakiendesha baiskeli kwenye misitu ya theluji. Alikuwa akizitazama wakati wa mapumziko shuleni. "Hata sisi tunayo," alikuwa akisema. "Yetu tu haikai."

Siku ile ilinyesha kuliko nilivyowahi kuona. Mahindi yangu yalilala chini, na majani ya migomba yakawa kama nyuzi. Nilikuwa bado nimesimama nikiyaangalia kwa uchungu wakati Mmbone alipotokea na koti lake la njano la mvua na baiskeli yake.

"Mahindi hayatainuka ukiyaangalia," akasema. "Kuja."

Mume wangu akauliza tunaenda wapi na hali hii.

"Ulaya," Mmbone akamjibu. "Tutarudi kabla obusuma haijaiva." Ndiyo ugali wetu huo.

Tulipofika pale njia inapoingia msituni, tulitoa upepo kidogo kwenye tairi ili zishike barafu vizuri. Hiyo alikuwa ameiona kwenye video. Na kulikuwa na mambo mengine aliyonifundisha: usishike breki ya mbele, usikate kona kwa ghafla, na zaidi ya yote usigeuze kichwa. Ukigeuza kichwa kwenye barafu, usukani nao unageuka, na hapo umeshaanguka. "Kama unanitaka, ongea tu," akasema. "Nitakusikia." Mimi nikatangulia kwa sababu ni mwepesi, yeye akafuata.

Siwezi kukudanganya, ilikuwa nzuri. Miti ya mikumu imesimama pande zote mbili, mvuke unapanda kutoka chini, na ile sauti ya tairi kwenye barafu, kama mtu anatafuna mahindi ya kukaanga. Harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ilijaa kila mahali. Nyuma yangu nilisikia breki ya Mmbone ikilia. Breki yake ya nyuma ikilowa maji ilikuwa inalia kama nguruwe mdogo, na kila ikilia tulikuwa tunacheka.

Njia inashuka mpaka kwenye kijito, na juu ya kijito kuna magogo yaliyolazwa yawe daraja. Nilivuka polepole. Nikiwa ng'ambo nikasema bila kugeuka, "Umevuka?"

"Nimevuka," akajibu. "Endelea."

Nikaendelea.

Tukaongea. Nilimwambia kuhusu mwalimu mkuu mmoja aliyeleta suruali yake niipanue kiuno, akakataa kupimwa kwa sababu hataki kujua amenenepa kiasi gani. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikamwambia nasikitikia mahindi yangu. Akasema, "Pole, mama. Utapanda mengine." Nikamwuliza kama anasikia baridi. Akasema anasikia, lakini si mbaya. Yote yalikuwa majibu ya Mmbone, kwa sauti ya Mmbone. Ungekuwa wewe, ungeshuku nini?

Mahali fulani nilitaka kusimama nifunge kamba ya kiatu. Akasema, "Usisimame. Tukisimama baridi itatushika." Nikaona amesema kweli, nikaacha kamba ining'inie.

Halafu tukafika kwenye mlima. Si mrefu, lakini ni mkali, na kwenye barafu unaupanda kwa gia ya chini kabisa, kifua kimeinama karibu kugusa usukani. Hapo mimi hunyamaza, pumzi haitoshi. Mmbone ndiye hunyamaza zaidi, maana ana mwili; akipanda pale unamsikia akihema kama anayebeba gunia. Siku hiyo mimi nilinyamaza. Yeye hakunyamaza. Alikuwa nyuma yangu akinieleza habari za kwaya ya kanisani, nani ataimba nini siku ya Pasaka, polepole, maneno yamenyooka, kama mtu aliyekaa kitini.

Nilikuwa karibu kufika juu nilipowaza, huyu pumzi anaitoa wapi? Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba tangu kwenye kijito sijaisikia breki ikilia. Nikatega sikio vizuri. Tairi iliyokuwa inatafuna barafu ilikuwa moja. Yangu.

Nikashika breki ya nyuma, nikaweka mguu chini.

"Mmbone, pita mbele," nikasema.

"Wewe endelea tu. Niko hapa."

Nikageuka.

Njia ilikuwa nyeupe mpaka chini kwenye kona, na katikati yake kulikuwa na alama ya tairi zangu basi. Hapakuwa na baiskeli nyingine. Hatua chache tu kutoka niliposimama kulikuwa na mtu. Kimo cha Mmbone, unene wa Mmbone, na kitu cha njano mwilini kama koti lake. Alikuwa amenipa mgongo. Amesimama wima, mikono imening'inia, anatazama kule tulikotoka.

"Mbona umesimama?" akaniuliza. Na sauti, nisikilize vizuri, haikutoka kama ya mtu aliyekupa mgongo. Ilinijia usoni, kama ya mtu tunayetazamana.

Sikupiga kelele. Watu wengi nikiwasimulia hunishangaa hapo. Mbele yangu, juu ya mlima, niliona mwanga kati ya mipera, pale msitu unapoishia na mashamba ya chai kuanza. Ningeweza kukimbia. Ningekuwa nimefika kwa watu kabla hujamaliza kunywa chai. Lakini kama huyu hakuwa Mmbone, Mmbone alikuwa wapi? Ni swali hilo lililonifanya nigeuze baiskeli, si ushujaa.

Njia pale ni nyembamba. Kupita ilibidi nipite karibu naye kiasi cha kuguswa. Niliisukuma baiskeli, macho nikayakaza kwenye tairi ya mbele, sikuyainua. Nilipomkaribia, ile harufu ya majani yaliyopondwa ilikatika. Haikupungua, ilikatika, kama mtu amefunga mlango. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote, hata ya jasho langu.

"Unampita," akasema kwa upole. "Mmbone yuko mbele. Anakungoja kwenye mipera."

Na nakuambia ukweli wa Mungu, nusura nimwamini. Alisema kama mtu anayenihurumia. Nikauma mdomo wangu mpaka nikaonja damu, nikapita. Harufu ya majani ikarudi. Sikugeuka tena. Nilipanda baiskeli nikashuka ule mlima vibaya, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, huku nikimwita Mmbone kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Nilimkuta kwenye kijito. Hakuwahi kuvuka. Baiskeli yake ilikuwa imeteleza kwenye gogo la kwanza, ikamlalia, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya gogo na ukingo, umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Barafu iliyosombwa na maji ilikuwa imemkusanyikia mpaka kiunoni. Alikuwa amelala chali, macho nusu yamefungwa, na uso umetulia kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa pembeni, vidole vimekunjwa, kama umeshika kitu.

"Mmbone," nikaita.

"Usipige kelele," akanijibu kwa usingizi. "Mama Faida amesema nilale kidogo. Ataniamsha."

Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mashavu. Yalikuwa baridi kama chuma. Akafungua macho, akanitazama muda mrefu. Halafu akageuza macho polepole kuelekea kwenye ule mkono wake ulionyooshwa, na utulivu wote ukamtoka usoni.

"Ikiwa ni wewe umekuja sasa hivi," akasema, "huyu amenishika mkono ni nani?"

Nilitazama. Hapakuwa na mtu. Kando yake, kwenye barafu, palikuwa na shimo lililobonyea, mahali mtu mzima angekuwa ameketi kwa muda mrefu.

Baadaye alinieleza. Alipoanguka aliniita, na mara nikawa nimefika. Hakuniona nikija, lakini alisikia sauti yangu kando ya sikio lake, akasikia nimemshika mkono. Nilimwambia mguu haujavunjika. Nilimwambia watu wanakuja. Nilimsimulia habari za mwalimu mkuu na suruali yake, akacheka. Kisha nikamwambia alale kidogo, afumbe macho, asijali baridi, itapita. Ndiyo, mwalimu mkuu na suruali. Habari ile sikuwa nimewahi kumwambia kabla ya siku ile. Niliisema mara moja tu, nikiwa ng'ambo ya kijito, nikimwambia yule aliyekuwa nyuma yangu.

Sitakuchosha na jinsi nilivyomtoa. Simu haikushika mtandao pale. Nilitumia gogo dogo kuinua baiskeli, nikafunga mguu wake kwa sweta yangu na pampu ya baiskeli ili usitikisike. Nikataka kumwacha nikimbilie watu, lakini akanishika nguo. "Usiniache na wewe," akasema. Hakukosea maneno. Alimaanisha hivyo hivyo: nisimwache na yule mwenye sauti yangu.

Upande wa chai ndiko watu walikokuwa karibu zaidi, basi nikamvusha kwa kumburuta, nikamkalisha kwenye kiti cha baiskeli yangu, nikaanza kusukuma. Nilipotaka kumtia moyo, akatikisa kichwa. "Usiongee. Ukiongea sitajua ni nani. Niangalie tu." Nikanyamaza. Tukapanda ule mlima, mimi nikisukuma na kuteleza, yeye akiuma meno, tukitazamana kila hatua kama watu wanaoogopa kupepesa macho. Mahali pale alipokuwa amesimama yule palikuwa patupu.

Tulikuwa tumeshapapita tuliposikia nyuma yetu.

Breki, kwanza. Ile ya Mmbone, inayolia kama nguruwe mdogo, ilhali baiskeli yenyewe tuliiacha kwenye kijito. Halafu wanawake wawili wakiongea. Huwezi kusikia sauti yako mwenyewe vizuri ukiwa unaongea, lakini nilishawahi kujisikia kwenye simu, na nilijijua. Nilikuwa nasimulia jambo. Mmbone wa kule nyuma akacheka kile kicheko cha puani. Nikacheka. Walikuwa wanakuja polepole, hawana haraka, wamefurahi kuliko sisi tulivyowahi kufurahi. Mmbone wangu, pale kwenye kiti, alianza kulia bila sauti, machozi tu. Mimi nikaendelea kusukuma.

Tulipotokea kwenye chai, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amejikinga chini ya kibanda cha kupimia majani. Akatuona, akaja mbio, akasema pole nyingi, akatusaidia kumpakia Mmbone katikati yangu na yeye. Alikuwa ameshawasha pikipiki alipotazama msituni, akangoja.

"Mama, si tuwangoje wenzenu?" akaniuliza. "Nasikia bado wanakuja wakiongea."

"Twende," Mmbone akasema.

Mguu wa Mmbone ulitiwa vyuma hospitalini. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimebabuka, ngozi imekufa kwa mistari, kama mistari ya vidole vya mtu mwingine. Daktari alisema barafu ukiishika muda mrefu huunguza. Mume wangu naye husema hofu na baridi vikikutana, masikio husikia yasiyokuwapo. Ni mtu mwenye akili, na ningependa sana awe sahihi. Lakini yule kijana wa bodaboda hakuwa na baridi wala hofu. Alikuwa amekaa akila mahindi ya kuchoma.

Siku ya kwanza kumtembelea hospitalini nilisimama kando ya kitanda chake nikasema, "Mmbone, pole." Akavuta shuka mpaka usoni akaanza kutetemeka hivi kwamba nesi akaniomba nitoke. Nikafikiri itapita. Haikupita. Akinisikia nikiita kuku uani, anaingia ndani na kufunga dirisha. Mwanzoni nilikasirika, nilimwokoa mimi, si ndiyo? Halafu akanitumia ujumbe kwenye simu. Aliandika: "Mimi najua ni wewe. Mwili wangu ndio haujui." Na mimi, nikiwa peke yangu njiani jioni, mtu akinisalimia kutoka nyuma, nasimama palepale mpaka azunguke nimwone uso. Wateja wangu wameshazoea. Faida naye amejifunza kuja mbele yangu kwanza kabla ya kuniita mama.

Bado tunapendana na Mmbone, usielewe vibaya. Jumapili baada ya kanisa huja kwangu, au mimi naenda kwake. Tunaketi tukitazamana, tunakunywa chai, kila mmoja na simu yake mkononi, tunaandikiana. Wakati mwingine anatabasamu kwa niliyoandika. Kile kicheko chake sijakisikia tena kutoka kwenye kinywa chake.

Lakini wengine hukisikia. Msimu uliopita, baada ya mvua ya mawe, wanawake watatu waliokuwa wameenda kuokota matawi yaliyoanguka walipita dukani kwangu. Mmoja akaniambia, akicheka, "Kumbe mmerudia baiskeli zenu. Tumewasikia leo kule kijitoni, mmefurahi kweli. Tumewaita, mkasema tuwafuate." Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Niliwauliza kama waliwafuata. Wakasema hapana, kuni zilikuwa nzito. Nilishindwa kushona tena siku hiyo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, sikukatazi msitu. Ni mzuri, nenda. Lakini mvua ya mawe ikinyesha na njia ikawa nyeupe, usiongee na mtu usiyemwona uso, hata awe mke wako, hata awe mama yako mzazi. Simama, weka mguu chini, geuka, mwangalie. Baridi haitakuua kwa muda huo mfupi. Na ukisikia wanawake wawili wakija nyuma yako kwa baiskeli, wakiongea na kucheka, usiwangoje kwa kudhani ni sisi. Mimi na Mmbone hatujaongea tangu siku ile.